UZI: Tuko kando ya ziwa na mifereji imekauka. Tuongee maji ya mji na stima ya ndani ya mwamba

Mwenye uzi:
Wadau habari za jioni. Hii kitu imenikaa moyoni muda mrefu na leo nimeamua kuiandika yote, itakuwa ndefu kwa hivyo kama uko na haraka rudi baadaye ukiwa umetulia.

Mimi ni mtu wa Nyakach lakini naishi hapa Kisumu, kazi yangu ni kurepea pampu. Baba mdogo alikuwa kibarua kwa handaki la mradi wa stima ya maji wa Sondu Miriu wakati linachimbwa na jioni akirudi alikuwa na unga wa mawe hadi kwa kope, anaketi, anaosha uso, ndio anatuambia leo tumeingia mita tatu. Mita tatu ndani ya mlima kwa siku nzima ya kazi. Sisi watoto tulikuwa tunachukua kamba tunazipima pale kwa boma tuone ni ngapi, na zilikuwa kidogo sana, lakini wakachimba hadi wakafika kilomita 6.2.

Venye ule mradi unafanya kazi ni hivi, kwa wale hawajawahi fika. Maji ya mto Sondu yanakingwa na ukuta mfupi tu, si bwawa kubwa. Yanaingia kwa handaki, yanapita chini ya mlima, yanatokea juu ya ule mteremko wa Nyakach, halafu yanashushwa karibu mita 200 kwa bomba la chuma hadi kwa mtambo ulio na tabaini mbili, yaani magurudumu yanayozungushwa na maji kutoa stima, za megawati 30 kila moja. Yakitoka hapo hayaachiliwi hivi hivi, yanafuata mfereji wa wazi hadi Sang'oro, ambapo tangu 2012 yanazungusha mtambo mwingine wa megawati 21. Ndio sasa yanarudi mtoni na kuingia ziwani. Maji yale yale, kazi mbili.

Sasa mimi swali langu lilianzia hapo. Hayo maji yakishafika ziwani, sisi watu wa Kisumu tunayachota kwa kituo cha pampu cha Dunga na kuyapandisha tena juu kwa pampu, kwa stima, ili yafike kwa matangi ndio yateremkie kwa nyumba zetu. Yaani yameshuka bure, tunalipa kuyapandisha. Na upande ule mwingine wa mji kuna Kajulu, maji yanatoka mto Kibos huko juu na yanashuka yenyewe bila pampu. Stima ikipotea Dunga inasimama. Kajulu maji yanaendelea kuja. Mtu yeyote ameishi hapa anajua hiyo tofauti hata kama hajui sababu yake.

Kwa hivyo mimi nasema Kisumu haijakosa maji, ziwa ni hili hapa tunalitazama kila asubuhi. Kile tumekosa ni kimo. Maji yakiwa juu ni mali, yakiwa chini ni gharama.

Wacha niweke hesabu kidogo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, uzito wake tani moja. Kuipandisha mita 100 unahitaji nguvu isiyopungua uniti 0.27 za stima, na pampu haiwezi kuwa kamilifu, mimi nikiona pampu inafanya asilimia 70 nafurahi, kwa hivyo weka uniti 0.39. Inaonekana ndogo. Sasa chukua mji unaotumia mita za ujazo 100,000 kwa siku, hiyo inakuwa uniti 39,000 kila siku, Jumapili na Krismasi ikiwemo, na hiyo bili inarudi kwako kwa ankara ya maji.

Ukigeuza, maji hayo hayo yakitoka juu na kushuka mita 100 kupitia tabaini nzuri, unapata kama uniti 23,000 kwa siku. Kwa hivyo hesabu ya kweli ya mji si ile stima unapata tu, ni ile unapata ukijumlisha na ile haukutumia kupampu. Nitarudi hapo kwa mambo ya kuchimba chini ya ardhi, wacha kwanza nisome maoni.

Mama wa Obunga:
Asante kaka kwa kuandika hii. Mimi sijui megawati lakini najua mtungi wa lita 20. Nikiamka saa kumi alfajiri mfereji unatoa maji kwa nguvu, saa moja asubuhi umekauka, na hapo ndio watoto wanaenda shule na mimi natakiwa nifue na nipike. Siku mbaya tunanunua kwa mkokoteni na bei anaamua mwenye mkokoteni. Kwa hivyo mkiongea stima na handaki tafadhali mkumbuke kwanza maji yafike kwa nyumba, stima iwe ya pili.

Mwenye uzi:
Mama umesema kitu ya maana kuliko yote niliyoandika, na wacha nikuonyeshe nchi ambayo ilijenga kwa mpangilio huo huo wako, maji kwanza.

Lesotho ni kanchi kadogo ka milima, kamezungukwa na Afrika Kusini pande zote. 1986 nchi hizo mbili ziliweka mkataba, Lesotho ikinge maji ya milima yake na kuyapeleka kaskazini kwa miji ya Gauteng, Johannesburg ikiwemo, na ilipwe kwa hayo maji. Wakajenga bwawa la Katse, ukuta wa mita 185. Kutoka Katse wakatoboa handaki la kilomita 45 hadi mahali panaitwa 'Muela. Hapo 'Muela ndio kuna mtambo wa stima ndani ya mwamba, tabaini tatu za megawati 24, jumla 72. Maji yakishazungusha yanatoka kwa bwawa dogo pale nje, halafu yanaingia handaki lingine la kilomita 37 hadi mto Ash, Afrika Kusini. Maji yalianza kuvuka mpaka Januari 1998.

Sasa angalia lile bwawa dogo la 'Muela, juu watu wengi wanalipita bila kuliona. Mtambo wa stima na mji hawataki maji kwa wakati mmoja. Stima watu wanaitaka sana jioni, kuanzia saa moja usiku hadi saa nne, taa zote zimewaka, kila nyumba inapika. Mji unataka maji yatembee polepole mchana na usiku juu kituo cha kusafisha hakipendi maji yakija kwa fujo, ukileta mengi ghafla ile dawa na mchanga wa kuchujia haziwezi. Kwa hivyo kati ya tabaini na mji lazima uweke mahali maji yakae yapumzike. Mtambo unaachilia vile unataka, bwawa dogo linapokea, mji unachukua taratibu. Ukijenga bila hiyo kitu ya katikati, mama wa Obunga atakosa maji asubuhi ndio mtu mwingine apate stima usiku. Hiyo ndio inatenganisha mradi wa maji ulio na stima na mradi wa stima unaojiita wa maji.

Mdau wa Nakuru:
Wakuu na sisi tuongee. Huku Nakuru hatuna ziwa la kunywa, Ziwa Nakuru ni magadi. Tunaishi na visima na maji ya visima vya Bonde la Ufa yako na floridi nyingi, kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi huku vinapita hapo. Angalia meno ya watu waliozaliwa huku, kahawia. Mimi mwenyewe nilikuwa nafunika mdomo na mkono nikicheka, shuleni, kanisani, hadi siku ya harusi yangu picha zote nimefunga mdomo. Watoto wangu sitaki wapitie hiyo.

Ndio maana bwawa la Itare lilitupa moyo. Kuresoi, msitu wa Mau, ukuta wa mita 57, na handaki la kilomita 14.5 kuleta maji upande huu yateremke yenyewe hadi Molo, Njoro, Rongai na Nakuru mjini. Kazi ilianza 2017, kontrakta akaishiwa na pesa kwao Ulaya 2018, mashine zikabaki kwa matope. Sisi tumebaki na visima vyetu.

Jirani wa Nyakach:
Pole sana ndugu wa Nakuru kwa hayo ya meno, hata mimi nimeumia nikisoma. Lakini lazima tuseme ukweli wote. Itare ni mmoja wa mito inayolisha Sondu. Maji ukiyatoboa hapo juu ukayapeleka Bonde la Ufa hayarudi tena huku, yametoka kabisa kwa ziwa Victoria. Sisi tunaoishi chini tutabaki na nini? Na hiyo mitambo miwili ya Sondu itazungushwa na nini?

Mwenye uzi:
Jirani hii ndio swali gumu kuliko yote kwa huu uzi na sitaki kulijibu kwa hasira ya kwetu, nataka tupige hesabu pamoja.

Itare ilipangwa kutoa mita za ujazo 100,000 kwa siku. Igawe kwa sekunde 86,400 unapata 1.16 kwa sekunde. Mtambo wa Sondu ukifanya kazi kamili unameza karibu 40 kwa sekunde. Kwa hivyo msimu wa mvua, mwezi wa tano mto umejaa, kile Nakuru wanataka ni kama asilimia 3 ya kinywaji cha ule mtambo. Hatutakisikia.

Lakini Sondu haina bwawa kubwa la kuweka akiba, inakula kile mto unaleta siku hiyo. Januari na Februari mto unapungua sana, unaweza kuvuka na ng'ombe sehemu zingine, na ile 1.16 haipungui na mto, mji unakunywa hata kiangazi. Hapo ndio inauma. Kwa hivyo mimi siko upande wa kusema Nakuru wasipate, mtoto wa Nakuru ana haki ya maji safi kama wangu. Mimi nasema bwawa la juu likijaa wakati wa mvua, kiangazi Nakuru wakunywe kutoka kwa akiba ya bwawa na mto uachiliwe kiasi kilichoandikwa kwa karatasi, kinachopimwa na mtu wa huku chini akiwepo. Mto usiachwe mkavu chini ya ukuta hata siku moja. Na Mau ilindwe, juu msitu ndio unatoa maji kidogo kidogo miezi yote, ukishakatwa mvua inashuka yote kwa wiki moja na matope, halafu miezi mitatu hakuna kitu. Hakuna handaki linaweza kuleta maji ambayo msitu haukuyashika.

Mwalimu wa fizikia, Kakamega:
Hesabu zako nimezipitia ziko sawa. Swali langu ni hili, mbona mtambo uwekwe chini ya ardhi? Sondu tabaini ziko nje kwa jengo la kawaida. Kuchimba ukumbi ndani ya mwamba si kuongeza gharama?

Mwenye uzi:
Mwalimu asante, hapa ndio mimi huwa naongea hadi mke wangu ananiambia chakula kimepoa.

Kwanza si kitu kigeni. Kufikia 1899 kule Marekani kwa maporomoko ya Snoqualmie walikuwa tayari wamechimba chumba ndani ya mwamba karibu mita 80 chini na kuweka mitambo humo. Hapa kwetu Gitaru kwa mto Tana, megawati 225, iko chini ya ardhi. Na Turkwel kule Pokot, ile ya ukuta wa mita 153 na megawati 106 iliyoisha 1991 na inaleta stima hadi Lessos, unaingia kwa gari ndani ya mlima ndio ufike kwa mashine.

Sababu ni nyingi. Korongo likiwa jembamba kama Turkwel hakuna uwanja wa kujenga nje, na mawe yanaporomoka. Sababu ya pili ni presha. Maji yaliyosimama mita 200 yanasukuma kwa baa 20, yakisimama mita 400 ni baa 40, na bomba la chuma la kuzuia hiyo ni nene na ni pesa nyingi, lakini ukipitisha maji ndani ya mwamba mzima wenye uzito wa kutosha juu yake, mlima wenyewe unashika presha. Unapanga ngao ya chuma sehemu ya mwisho tu karibu na tabaini. Ya tatu, kama handaki lako tayari liko chini sana, kama lile la 'Muela, kuyatoa maji nje ili uyarudishe ndani ni kupoteza kimo.

Baba mdogo alinieleza venye wanachimba. Unatoboa matundu kwa uso wa mwamba, unajaza baruti, watu wanatoka wote, mnahesabiana majina, inalipuliwa, halafu mnangoja moshi uvutwe na feni. Kabla ya mtu yeyote kuingia kuna mmoja anatangulia na mtaimbo mrefu anagonga dari anasikiliza. Jiwe zima linalia kama kengele. Jiwe limeachana linatoa sauti butu, hilo unaliangusha kabla halijakuangukia. Alikuwa anaheshimu sana huyo mtu wa mtaimbo kuliko injinia. Baadaye wanaingiza nondo ndefu ndani ya mwamba kuushona, na wanapuliza zege kwa kuta. Ukumbi mkubwa wa tabaini hauchimbwi mara moja, wanaanza na dari, wanaishona hadi ikae imara, ndio wanashuka chini ngazi kwa ngazi.

Na kuna kitu kimoja kinaua mitambo, mtu akikifupisha ili aokoe pesa amewaza vibaya. Chukua handaki la kilomita 6 lenye mdomo wa eneo la mita mraba 14, ndani kuna tani 84,000 za maji zinatembea. Stima ikikatika ghafla huko nje, tabaini lazima ifunge vali, na hizo tani zote hazijui kusimama. Zitapasua kitu. Kwa hivyo juu ya handaki kabla ya bomba la kushuka unachimba kisima kirefu kilicho wazi juu, maji yakizuiwa yanapanda humo, yanapumua, yanashuka, yanapanda tena kidogo hadi yatulie. Hata kwa nyumba ukifunga mfereji haraka unasikia paipu inagonga ukutani, ni kitu kile kile kidogo.

Mdau wa Nakuru:
Na mwamba wetu huku unafaa? Sisi tuko na volkeno ya Menengai hapa nyuma ya nyumba.

Mwenye uzi:
Hapo ndugu yangu ni pagumu kidogo na ni vizuri ujue. Upande wetu, Nyakach na Seme, kuna mawe ya zamani magumu, ukitaka kuona nenda Kit Mikayi uangalie hayo mawe yamebebana pale. Bonde la Ufa ni majivu ya volkeno na mawe laini yenye nyufa, na ardhi imekatika katika. Handaki linapita lakini lazima livalishwe zege njia yote, na ukumbi mkubwa wa mtambo ningefikiria mara mbili, ningeweka tabaini ndogo kwa jengo la juu pale maji yanapoingia kituo cha kusafisha. Na watu wa huko mna haki ya kuuliza maswali makali juu ya ukuta wowote wa bwawa, baada ya bwawa la Solai kupasuka Mei 2018, watu zaidi ya 40 walikufa usiku mmoja. Ukuta lazima uwe na njia ya maji ya ziada na mtu wa kuukagua anayelipwa kila mwezi.

Jirani wa Nyakach:
Na handaki likibomoka ndani, mji utakunywa nini?

Mwenye uzi:
Swali zuri. Helsinki, Ufini, wanakunywa kutoka ziwa Päijänne kupitia handaki la kilomita 120 kwa mwamba, walilichimba 1972 hadi 1982, na maji yanateremka yenyewe. Hata hilo 2001 na 2008 lilifungwa sehemu mawe yarekebishwe, na mji ukatumia chanzo kingine. Ndio maana mimi sitaki Dunga ifungwe kamwe hata tukipata maji ya kuteremka kutoka pande zote. Dunga ibaki inarepewa, pampu zigeuzwe kila mwezi, gugu maji litolewe pale kwa mdomo wa paipu inayovuta maji ziwani.

Fundi wa mifereji, Mamboleo:
Mkubwa nimesoma yote. Mimi sina handaki lakini niko na geji ya kupima presha. Huku kwetu kwa laini ya kutoka juu usiku wa saa tisa geji inasoma baa 6, na ndio saa paipu zinapasuka, kila wiki naitwa. Saa moja asubuhi inasoma 0.5. Hiyo inamaanisha nini?

Mwenye uzi:
Omera umeniletea kitu kizuri sana. Baa moja ni kimo cha kama mita 10. Baa 6 ni mita 60 za kimo zimekaa kwa paipu usiku zikipasua viungo, na asubuhi watu wote wakifungua kimo chote kinaliwa na msuguano kwa paipu nyembamba. Huyo ndio mfereji wa mama wa Obunga, maji alfajiri, hakuna saa moja. Kwa hivyo usiku kimo kinapotea kama uvujaji. Mahali kama hapo, kabla ya kuongea Turkwel nyingine, unaweza kuweka tabaini ndogo kwa laini kuu badala ya vali ya kuua presha, hata pampu ya kawaida ikizungushwa kinyumenyume inafanya kazi ya tabaini, mimi nimeigeuza kwa karakana na ikawasha balbu. Haitalisha mji, lakini inaweza kuendesha dozi ya klorini na taa za kituo, na paipu zako zitapumzika.

Lakini nataka namba, si hadithi. Pima kwa wiki moja, saa tisa usiku, saa kumi na mbili asubuhi, saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa mbili usiku. Andika na mahali. Mama wa Obunga kama kuna mtu ana geji karibu na wewe apime saa hizo hizo siku hizo hizo, tuone tofauti kati ya juu na chini.

Mama wa Obunga:
Kijana wangu wa pili anasomea ufundi, ana geji. Tunaanza kesho saa tisa.

Fundi wa mifereji, Mamboleo:
Sawa mama. Mwambie afungue mfereji kwanza hewa itoke ndio afunge geji, la sivyo itadanganya.